Reminiscence: mtambo usiodanganya na fumbo lililokosa shaka

Mtu amelala ndani ya tangi la maji, kifua wazi, kichwani amevishwa kifaa chenye nyaya, na dawa imeshaanza kumlegeza. Kando yake amesimama mwanamume mwenye sauti ya chini, ya taratibu. Anamwambia kwamba anaanza safari, kwamba anakokwenda aliwahi kufika, na kwamba kazi yake ni moja tu: aifuate sauti. Muda si mrefu, kwenye jukwaa la duara katikati ya chumba, nuru inajikusanya na kuwa watu. Mwanajeshi wa zamani anacheza tena na mbwa wake. Sisi tunaiona kumbukumbu yake kama mchezo wa jukwaani, na mwenyewe yuko majini, macho ameyafumba.

Nimeitazama Reminiscence mara tatu, na kila mara tukio hili la mwanzo hunishika. Ndiyo maana sikuweza kuiacha ipite. Filamu yenye mlango mzuri kiasi hiki, yenye waigizaji hawa na mada kubwa kama kumbukumbu, inawezaje kumalizika huku mtazamaji amebaki mikono mitupu? Wengi waliimaliza kwa neno moja: inachosha. Neno hilo halinitoshi, kwa sababu zipo filamu za polepole kuliko hii ambazo hukai nazo saa mbili tu, unakaa nazo miaka. Naamini ugonjwa wake una mahali maalumu, na mahali penyewe ni ndani ya tukio lilelile la tangi. Nitaufuata hadi mwisho wa hadithi bila kuficha kitu, kwa hiyo ambaye hajaitazama ajue mapema.

Filamu ilitoka Agosti 2021. Mwandishi na mwongozaji ni Lisa Joy, aliyekuwa ameshajulikana kwa mfululizo wa televisheni wa Westworld alioubuni pamoja na mumewe Jonathan Nolan. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu kuongoza. Skripti ilikuwa na sifa zake kabla hata kamera haijawashwa: mwaka 2013 iliingia kwenye Black List, orodha ya kila mwaka ya skripti zilizopendwa na watu wa ndani ya Hollywood lakini bado hazijatengenezwa. Hugh Jackman ni Nick Bannister, stelingi wetu. Thandiwe Newton ni Watts, msaidizi na rafiki yake tangu jeshini. Rebecca Ferguson ni Mae, mwimbaji wa klabu ya usiku, na Cliff Curtis ni Cyrus Boothe, askari polisi aliyeoza.

Tuko Miami ya siku zijazo. Bahari imepanda na kuingia mitaani, watu wa kawaida wanaishi na maji mlangoni, na matajiri wamejenga kuta na kuhodhi ardhi kavu. Joto la mchana halivumiliki, kwa hiyo mji umegeuza saa zake na kuishi usiku. Vita vimepita na kuacha watu wasio na hamu na kesho. Wanachonunua ni jana, na Nick ndiye muuzaji. Mtambo wake ulianza kama chombo cha kuhojia watu wakati wa vita. Sasa anautumia kumrudisha mteja kwa mpenzi wa zamani kwa muda mfupi wa kulipia, na siku nyingine ofisi ya mwendesha mashtaka inamwita achimbe ushahidi kichwani mwa mtuhumiwa.

Siku moja, wakati wa kufunga kazi, Mae anaingia na kusema amepoteza funguo zake. Nick anamlaza tangini na kuzitafuta ndani ya siku ya mwanamke huyu, na humo anamwona akiimba Where or When, wimbo wa Rodgers na Hart wa mwaka 1937, ambao ndio wimbo wa roho ya Nick. Wanapendana. Baada ya miezi kadhaa Mae anatoweka bila neno. Nick anageuka kuwa mteja wa duka lake mwenyewe, analala majini tena na tena akitafuta dalili ambayo huenda ilimpita, huku Watts akimsihi aache.

Kisha, Nick akiwa anamhoji mtuhumiwa kwa niaba ya mwendesha mashtaka, Mae anajitokeza ndani ya kumbukumbu ya mtu mwingine kabisa, New Orleans, akiwa mraibu wa dawa iitwayo baca mikononi mwa muuza unga aitwaye Saint Joe. Kuanzia hapo Nick anafukua. Hadithi ya funguo ilikuwa kisingizio. Boothe alimtuma Mae kuiba rekodi ya kumbukumbu za mteja mmoja, Elsa Carine, hawara wa tajiri wa ardhi Walter Sylvan aliyezaa naye mtoto nje ya ndoa. Elsa anauawa kwa sababu ya urithi. Mae, ambaye moyo umeshamgeuka, anamwokoa mtoto na kumficha, na Boothe anapombana anachagua kufa kuliko kusema. Nick anamkamata Boothe, anamlaza tangini na kuuona mwisho wa Mae, kisha anamfungia humo ndani ya kumbukumbu yake mbaya kuliko zote, asitoke tena. Aliyeagiza yote ni Sebastian, mwana halali wa Sylvan.

Hicho ndicho kisa. Sasa hesabu, na nitazipita haraka. Gharama za kuitengeneza zilitajwa kuwa kati ya dola milioni 54 na 68. Wikiendi ya kwanza nchini Marekani iliingiza kama dola milioni 2 kwenye kumbi zaidi ya 3,200, yaani takriban dola 600 kwa ukumbi mmoja kwa siku tatu, miongoni mwa mianzo dhaifu kabisa kuwahi kuandikwa kwa filamu iliyosambazwa kwa upana huo. Duniani kote ilikusanya kama dola milioni 16. Wanaoitetea husema ni UVIKO, na kwamba Warner Bros. mwaka huo iliweka filamu zake kwenye HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, siku ileile zilipofika kumbini. Kuna ukweli hapo. Lakini Godzilla vs. Kong ilitoka mwaka huohuo kwa utaratibu huohuo na ikapita dola milioni 460. Najua mlinganisho huo una upungufu, maana majitu yale mawili yalikuwa na mashabiki tangu zamani na Nick Bannister hakujulikana na mtu. Hata hivyo filamu isiyojulikana huokolewa na mdomo wa mtu aliyeitazama jana, na hii watazamaji wake hawakuwa na la kumwambia jirani. Hilo ndilo linalonishughulisha.

Hadithi ya upelelezi huishi kwa shaka. Shahidi kasema aliona. Je, aliona kweli? Mjane analia, analia nini? Mtazamaji huvutwa mbele kwa sababu kila anachoambiwa huenda si hivyo. Ukichukua mada ya kumbukumbu ukaiingiza kwenye hadithi ya upelelezi, shaka inapaswa kuongezeka maradufu, maana hakuna shahidi anayeyumba kama kichwa cha binadamu. Reminiscence imefanya kinyume. Imetunga sheria moja tangu dakika za mwanzo, kwamba kinachotokea tangini ni kilekile kilichotokea duniani. Rangi ya gauni, neno lililosemwa, mtu aliyepita nyuma ya mlango, vyote vimehifadhiwa na vinatolewa vilivyo. Mtambo haudanganyi, na anayekumbuka hawezi kudanganya akiwa ndani yake.

Ukishaikubali sheria hiyo, kazi ya mpelelezi inakufa. Angalia Nick anavyofanya kazi. Akikwama, dawa yake ni kumpata mtu mwingine wa kumlaza majini. Mtuhumiwa analazwa, tunaambiwa kipande. Yeye mwenyewe analala, tunaambiwa kingine. Boothe analazwa, tunaambiwa vyote vilivyobaki. Hakuna mahali anapolazimika kupima maneno ya watu wawili wanaopingana. Baina ya tangi na tangi kuna ngumi na risasi, na moja ya mapigano hayo, lile la ukumbi wa muziki uliozama, ni zuri kwa macho, lakini linajaza nafasi ambayo fikra ilipaswa kukaa. Tunamfuata mtu anayechukua mafaili kabatini.

Wazo hili la kumbukumbu kama rekodi halikubuniwa na Lisa Joy. Lina historia ya heshima. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeanzisha taasisi ya tiba ya neva mjini Montreal mwaka 1934, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi tu, ili waweze kumwambia wanachohisi anapougusa ubongo kwa umeme hafifu. Alipogusa sehemu ya pembeni, karibu na sikio, baadhi yao walisikia muziki, sauti ya mtu wa nyumbani, au waliona tukio la zamani likipita mbele yao. Penfield akaamini kwamba ubongo unahifadhi mkondo mzima wa maisha, kama mkanda wa kurekodia. Ukitazama tangi la Nick, ni chumba kile cha upasuaji kilichotiwa maji na mwanga mzuri.

Lakini hesabu za Penfield mwenyewe zilikuwa za tahadhari zaidi. Katika ripoti yake ya mwaka 1963, kati ya wagonjwa 520 walioguswa sehemu ile, ni 40 tu waliosema waliona au kusikia kitu cha namna hiyo, na mengi ya waliyoyasimulia yalifanana na ndoto kuliko rekodi.

Halafu kuna jaribio ambalo ningetamani lingekuwa limebandikwa ukutani siku skripti hii inaandikwa. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa lilelile, kitenzi tu ndicho kilichobadilika. Walioulizwa kwa kitenzi cha upole, kama vile tungesema magari "yalipogusana", walikadiria kilomita 51 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama "yalipopondana", walikadiria karibu kilomita 66. Watu wote hao walikuwa wametazama ajali zilezile.

Jaribio la pili ndilo linalosisimua. Watu 150 walitazama ajali na kuulizwa maswali, na baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali, 16 walisema waliona vioo. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kawaida cha kugongana, ni 7. Kati ya 50 ambao hawakuulizwa kabisa habari ya mwendo, ni 6. Neno moja la muulizaji lilitosha kuweka vioo barabarani.

Sasa rudi tangini. Nani anazungumza? Nick. Mteja amelegezwa kwa dawa, hana hila, hana ngao, na mwanamume mwenye sauti nzito anamwambia aende wapi, atazame nini, asogee karibu na nani. Filamu imeshika mkononi chombo chenye hatari kuliko bunduki zote zinazopigwa humo ndani, nacho ni sauti ya mwongozaji wa safari. Tena imetuambia kwamba mtu huyu zamani alikuwa mhoji wa kijeshi. Tena imemweka mbele ya mwendesha mashtaka, mahali ambapo swali baya linampeleka mtu jela. Viungo vyote viko mezani. Nick anampenda Mae hadi kuumwa, na ni yeye huyohuyo anayeongoza kumbukumbu ya mtuhumiwa aliyewahi kuishi jirani na Mae. Kama sauti ingekuwa na uwezo wa kubadilisha kinachoonekana, basi tukio lile la kwanza la Mae wa New Orleans lingetutetemesha. Je, yule mwanamke alikuwepo, au Nick amemtia humo kwa hamu yake? Tungekaa kitini tukiwa hatujui. Badala yake tunaambiwa: alikuwepo, twende New Orleans.

Kuna sheria ya pili ya mtambo ambayo nayo imekwenda upande usiofaa. Ukiirudia kumbukumbu moja mara nyingi kupita kiasi, inaungua, na mtu ananaswa humo asitoke. Hiyo ndiyo adhabu anayopewa Boothe. Kwa hadithi ya kutisha ni wazo zuri. Lakini mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya jambo la kushangaza zaidi. Panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani walisikilizishwa mlio huo tena, na kumbukumbu ilipokuwa imeamshwa hivyo wakadungwa, kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, dawa ya kuzuia protini mpya kutengenezwa. Hofu ikadhoofika. Panya waliopewa dawa bila kuamshwa kumbukumbu waliendelea kuogopa kama kawaida. Kumbe kumbukumbu ikiamshwa inalainika kama udongo wa mfinyanzi, na inapaswa kuokwa upya kabla ya kukaa tena.

Mfikirie Nick kwa macho hayo. Amemrudia Mae mara ngapi? Kila anapozama, anamfinyanga. Mwanamke wa mara ya mia si yule aliyeingia kuuliza funguo. Ni mwanamke mpole kidogo zaidi, anayetazama kwa upendo kidogo zaidi, na Nick hana njia ya kujua kwa sababu nakala ya awali haipo tena. Hilo lingekuwa jambo la kuogofya kweli. Filamu inatutaka tumwogopee Nick kwamba atakwama, nayo haitaki tumwogopee kwamba anampoteza Mae kwa kitendo kilekile cha kumtafuta. Inachoma moyo zaidi kuona kwamba jina la Orfeo, yule wa Wagiriki aliyempoteza mkewe kwa kugeuka kumtazama, limo ndani ya filamu. Nick mwenyewe anamsimulia Mae kisa hicho. Mfano ulikuwa mdomoni mwake.

Hata namna picha zinavyoonekana ilikuwa na mlango uliobaki umefungwa. Kumbukumbu zinazotokea jukwaani zinamwonyesha mwenye kumbukumbu kwa nje, kana kwamba kuna kamera iliyowahi kusimama pembeni yake. Wengi walilalamika kwamba haiwezekani, macho yako hayajawahi kukuona mgongo. Mimi sikuliona hilo kuwa kosa. Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika mwaka 1983 kwamba watu hukumbuka kwa njia mbili, mara nyingine kutoka ndani ya macho yao na mara nyingine wakijiona kwa nje kama mtazamaji. Jaribu kukumbuka siku uliyoaibika mbele za watu, huenda ukajiona umesimama pale. Lakini picha hiyo ya nje lazima ilijengwa na mtu baadaye, maana haikuingia kupitia macho. Kwa hiyo kila hologramu kwenye filamu hii ni ushahidi unaoonekana wazi kwamba kumbukumbu imeundwa, na hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza. Inaniuma hasa kwa sababu ya juhudi iliyowekwa: picha zile zilirushwa kwenye wavu mwembamba pale pale seti, na nuru yake inacheza usoni mwa Jackman kwa namna ambayo kompyuta isingeiiga kirahisi.

Hata hivyo siwezi kusema filamu hii haina akili. Ina tukio moja la akili nyingi, na nitakaa nalo kidogo.

Nick amemlaza Boothe. Tunaiona saa ya mwisho ya Mae kwa macho ya adui yake. Boothe amemkamata, anataka kujua mtoto yuko wapi. Na Mae, aliyebanwa mbele ya mtu huyu mwovu, anaanza kuzungumza maneno yasiyomhusu Boothe hata kidogo. Anazungumza na Nick. Anajua Nick alivyo, anajua hataacha kutafuta, anajua kwamba siku moja atamlaza Boothe tangini na kuitazama dakika hii. Kwa hiyo anamtumia Boothe kama bahasha. Anamtazama machoni muuaji wake na kumwambia mpenzi wake ukweli, jinsi alivyotumwa, na jinsi mapenzi yalivyogeuka kuwa ya kweli. Kisha anameza dawa nyingi za baca na kujiangusha. Na Nick, miezi mingi baadaye, anasimama ndani ya nuru mahali Boothe aliposimama, ili macho ya Mae yamkute yeye.

Ni tukio la ajabu. Ghafla kumbukumbu inakuwa jukwaa ambalo mtu aliye hai anapanda akijua hadhira itafika akiwa ameshakufa. Na ukiligeuzia mwanga ule uchumba wa mwanzo, unagundua kwamba Mae aliwahi kufanya hivi kabla. Alipokuja kuuliza funguo, alikuwa ameshamsoma Nick. Siku aliyoileta tangini ilikuwa siku aliyoipanga ili ionekane, na wimbo aliouimba aliuimba kwa ajili ya mtu ambaye angeutazama baadaye. Mtambo haukudanganya, ila maisha yenyewe yalikuwa yameigizwa kwa ajili ya mtambo. Hapa ndipo fumbo lilipokuwa! Kama kumbukumbu haziwezi kughushiwa, basi waongo watajifunza kuighushi siku yenyewe. Katika mji ambao mashtaka yanaamuliwa kwa tangi, kila mhalifu mwenye akili angeishi kama mwigizaji, na kila tendo jema lingetia shaka.

Wazo hilo linatosha filamu nzima, lakini filamu inalifikia ikiwa imebakiza dakika chache, inalitumia kutuliza, kisha inakimbilia kumaliza shauri la urithi wa akina Sylvan. Hao akina Sylvan siwezi kuwasema kwa urefu kwa sababu hawana urefu. Tunakutana nao mara chache mno kiasi kwamba Sebastian anapofichuliwa, mtazamaji anatafuta kwanza kumkumbuka ni nani. Jambo la ardhi kavu na wenye nacho na wasio nacho, ambalo mji mzima umejengwa juu yake, linaishia kuwa sababu ya mtu mmoja kumuua hawara wa baba yake.

Na sauti ya Nick haikomi. Tangu mwanzo anatusimulia juu ya picha, kwa sentensi nzito kuhusu wakati na wakati uliopita, mara nyingi akitueleza kitu tunachokiona. Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani ni kuiga tu filamu za wapelelezi za miaka ya 1940. Mara ya pili nikafikiri labda tunadanganywa, labda tunachokitazama ni kumbukumbu ya Nick na sauti hii ndiyo inayoiongoza, na mwishoni zulia litavutwa. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo, kwani kuna matukio ya mapema ambayo kumbe Nick alikuwa tangini akiyarudia. Lakini hata yakifichuka, yanabaki ya kweli. Hakuna kilichobadilika ila mahali Nick alipokuwa amelala.

Anayeniumiza kwa wema ni Watts. Newton anamwigiza mtu aliyeamua kutorudi nyuma: ana binti aliyeachana naye, anakunywa kuliko afya yake inavyoruhusu, anafanya kazi kwenye duka la kumbukumbu na hataki kuingia tangini. Kila anapomtazama Nick anazama, unaona usoni mwake mapenzi, hasira na uchovu kwa pamoja, na bado hasemi. Yeye ndiye jibu hai la swali la filamu, na skripti inamtumia zaidi kama mwenye bunduki anayefika saa ya hatari. Ningefurahi kutazama hadithi hii kutoka mezani kwake.

Ningekuwa na ruhusa ya kubadili kitu kimoja tu, nisingegusa bahari, waigizaji wala mwisho. Ningeweka tukio moja katika dakika 20 za kwanza. Mteja analazwa ili akumbuke chakula cha jioni na marehemu mama yake. Nick, kwa huruma tu, anamwambia: sasa mama anatabasamu. Na kwenye jukwaa la nuru mama, aliyekuwa ameinamisha uso, anatabasamu. Watts, nyuma ya mitambo, anainua macho na kumtazama Nick. Mteja anaondoka na furaha. Hakuna anayesema neno.

Baada ya hapo kila kumbukumbu ingekuja na mzigo wake. Mae wa New Orleans angekuwa swali. Ushahidi wa mwendesha mashtaka ungekuwa swali. Hata ile hotuba ya Mae kupitia Boothe, tukio bora kuliko yote, ingetupasua moyo mara mbili, kwa sababu anayeiongoza kumbukumbu ya Boothe ni mwanamume ambaye kwa miezi mingi hakutaka kitu kingine duniani ila kusikia maneno yaleyale.

Filamu inaishia hivi. Nick anakiri alichomfanyia Boothe, na adhabu yake anaitumikia ndani ya tangi. Miaka inapita. Watts amekuwa mzee, ameacha pombe, amepatana na binti yake. Anakuja na kusimama karibu na maji. Ndani yake mwanamume mwenye mvi amelala, na kwenye nuru yuko bado kijana, na Mae anamwomba amsimulie kisa chenye mwisho mwema. Nick anamwambia hakuna visa vya hivyo. Mae anamwambia basi amsimulie kimoja na aishie katikati, wakiwa bado na furaha. Anaanza na Orfeo, na anaishia katikati.

Nilipoitazama mara ya tatu sikumwangalia Mae. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu pembeni ya tangi anayemwongoza Nick, kama yeye alivyowaongoza wengine. Hayupo. Anayesimulia ni Nick, na anayemsikiliza ni Nick.